Mheshimiwa Misumari

Mzee wangu amestaafu duka, lakini hajastaafu kunisumbua.

Tumeuza vifaa vya ujenzi hapa Ngong tangu kifungua mimba wetu akiwa wa kubebwa mgongoni. Misumari, mabati, simiti, rangi, bawaba, sepetu, na wilibaro zilizopangwa mlangoni mpaka mteja anajikwaa kabla hajasalimia. Magoti yalipochoka na kaunta, kijana wetu alibeba mali iliyobaki akaipeleka Kitengela, ambako watu hujenga hata mwezi wa njaa. Mimi na baba yake tukakubaliana: yeye afuge kuku, mimi nilale mpaka saa mbili asubuhi. Banda likajengwa, waya ikazungushwa. Kuku mpaka leo hawajaletwa, kwa sababu pesa za vifaranga zimekwenda kuchapisha mabango ya uso wake.

Anataka kuwa MCA, mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti. Tarehe 10 Agosti 2027, Mungu akitupa uhai, jina la Baba Watoto litakuwa kwenye karatasi ya kura ya wadi. Nchi hii ina wadi 1,450, na Kajiado peke yake ina 25. Nilimwuliza kwa upole ni kwa nini, kati ya watu wote walioko, ni lazima awe yeye. Akasema ni wito. Mtu huyu nimemwita mezani miaka yote ya ndoa yetu na hajawahi kusikia.

Tangu atangaze, sebule si yangu. Kuna vijana wanaojiita kamati ya mikakati, na mkakati wao wa kwanza kila asubuhi ni chai. Wanakalia sofa lenye vitambaa nilivyofuma kwa mkono, viatu vina matope, thermosi inazunguka, mkate unaisha kutoka katikati kwenda pembeni. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushinda uchaguzi, hata wa kiranja wa darasa, lakini wote wanajua mashinani watu wanasema nini. Mashinani, nimegundua, ni pale stendi ya bodaboda. Kwenda huko kunahitaji nauli, na kurudi kunahitaji kitu cha kulainisha koo.

Mmoja wao ni wa mitandao. Kazi yake ni kumpiga mzee picha akinunua sukuma wiki kwa mama mboga, ilhali yetu inazeeka shambani nyuma ya nyumba. Tangu 2022, rais alipoingia Ikulu na hadithi ya kuuza kuku kando ya barabara, hakuna mgombea asiyetaka kuonekana mtu wa jasho. Basi hapa nina mfanyabiashara mdogo halisi, mwenye kidole gumba kilichopondwa na nyundo na mgongo uliobeba magunia, na kijana wa miaka ishirini na kitu anamwambia, "Mhesh, hufanani na hasla. Vua hilo koti." Koti lenyewe ni la harusi ya dada yangu. Amelivaa tangu enzi za Moi. Kama huo si uhasla, sijui wanautafutia wapi.

Lakini nimtendee haki mtu niliyeolewa naye. Kilichomsukuma si ukubwa. Ni karatasi.

Ukifungua duka katika kaunti, kuna leseni ya biashara, kuna ada ya bango lenye jina lako mwenyewe, kuna cheti cha zimamoto, na kadhalika mpaka ukuta wa nyuma ya kaunta ujae. Mzee alikuwa akilipa huku akinung'unika, akidhani ada hizo zilishuka pamoja na Amri Kumi. Siku moja wakili mmoja mdogo, aliyekuja kununua kitasa, akamweleza kwamba zinawekwa kwa Sheria ya Fedha ya kaunti, ambayo bunge la kaunti huipitisha kila mwaka. Na kwamba Katiba ya 2010, kifungu cha 196, inalitaka bunge hilo liwashirikishe wananchi kabla ya kupitisha. Mzee alisahau hata kumpa wakili chenji. Miaka yote hiyo amekuwa akigombana na askari wa kanjo mlangoni, kumbe mtu wa kugombana naye ameketi Kajiado mjini kwa kura yake mwenyewe.

Akaenda kwenye kikao cha umma. Nilimsindikiza ili asipigane. Ukumbi ulikuwa wa kanisa, viti vya plastiki, kitabu cha kuandika majina mlangoni, na katoni za soda zimepangwa mahali ambapo kila mtu angeziona vizuri. Afisa akasoma mambo kwa haraka, akauliza kama kuna maswali. Kimya. Mzee akasimama na miwani yake ya kamba, rula mkononi, akauliza bango la futi tatu kwa mbili linamtoa nani jasho hata litozwe hivyo. Akajibiwa. Akauliza tena. Alipofika swali la tatu, mama mmoja nyuma yetu akamwambia, "Baba, uliza haraka, soda inapata moto." Kikao kikafungwa kwa maombi. Watu wakapanga foleni ya soda na nauli kwa utaratibu ambao sijawahi kuuona katika wadi hii.

Alirudi nyumbani akiwa mgombea.

Siku hizi hulala na ripoti za Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, zile zinazotolewa kila robo ya mwaka kueleza kaunti zimetumia pesa vipi. Huzisoma kitandani kwa tochi ya simu, mstari kwa mstari, kwa ile rula aliyokuwa akihesabia stoo. Usiku mmoja akaniamsha.

"Mama Watoto, unajua kaunti zote hizi 47 zinadaiwa zaidi ya bilioni 150?"

Nikamwambia sijui, na saa nane ya usiku sitaki kujua.

"Ni watu waliowauzia vitu," akasema. "Wamekopa simiti. Wamekopa mbao. Kuna mtu mahali amefunga duka kwa sababu ya hizi."

Hakulala tena. Nami sikulala, kwa sababu yeye asipolala huguna. Ila nilielewa. Mtu aliyewahi kungoja pesa ya mali iliyokwisha kwenda hawezi kusoma namba hiyo akageukia ukuta.

Na hapo tunafika kwenye kaunta buku.

Dukani, mwenye kuandika madeni nilikuwa mimi. Mzee ana huruma, na huruma haijui hesabu. Ni daftari kubwa lenye jalada gumu, la tatu sasa, na mgongo wake nimeushika kwa gundi ya mabomba. Humo ndani kuna fundi wa simiti, kuna mwalimu wa rangi galoni mbili, kuna mchungaji wa mabati sita ambaye kwenye safu ya tarehe ya kulipa aliniambia niandike "Bwana atafungua mlango". Duka tumefunga. Daftari sijafunga.

Sasa, mzee hataki mambo ya mchujo wa vyama. Amesema atasimama kama mgombea huru. Katiba, kifungu cha 193, inamtaka mgombea huru wa wadi aungwe mkono na wapiga kura 500 waliojiandikisha katika wadi hiyo. Nikamwambia hao si tatizo, kwenye kaunta buku wako. Fomu za tume ya uchaguzi, IEBC, hazijatoka, lakini yeye ni mtu wa kujiandaa, kwa hiyo alichora zake kwa rula: jina, nambari ya kitambulisho, simu, saini. Hakufikiri kwamba hizo ndizo safu zilezile ambazo watu hawa wamezijaza kwetu miaka yote.

Tulianza na fundi. Alikuwa juu ya paa la watu, akashuka kwa heshima. Akaona karatasi, akaona kalamu, akaniona mimi nyuma na mkoba. Akarudi hatua mbili.

"Mathe, ile simiti si nilisema mwisho wa mwezi?"

"Hii si ya simiti," mzee akasema. "Ni ya IEBC."

"Kumbe mmenipeleka mpaka IEBC!"

Kufikia jioni ilikuwa imeenea Ngong nzima kwamba mzee wa misumari anazunguka na karatasi za kukiri madeni. Watu wakaanza kukata kona. Mwalimu wa rangi alituona tukikaribia lango lake akazima taa, saa sita mchana.

Waliokubali kusaini nao, wengi hawana kura hapa. Ngong ndivyo tulivyo. Mtu anaamka saa kumi na moja kupigania matatu ya 111 kwenda kazini Nairobi, jioni anarudi kulala, na kura amejiandikisha Nyamira, Kakamega au Murang'a. Barabara inayomtoboa magurudumu iko hapa, maji anayonunua kwa mtungi ni ya hapa, jaa la taka analofungia dirisha liko hapa, lakini mheshimiwa wa kulaumiwa amemchagua kwingine. Kila miaka mitano anapanda basi kwenda kuchagulia watu wengine wa kuwatengenezea barabara, kisha anarudi Ngong kulalamika. Mzee huwaambia wahamishe kura, na wao humwuliza mazishi yao yatafanyikia wapi.

Kuna na hili la vyama. Mgombea huru anatakiwa asiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na wanaomsainia pia wasiwe wanachama. Rahisi, mtu angesema. Lakini mnakumbuka 2021, Wakenya walipoangalia majina yao kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa, wengi wakajikuta wamo kwenye vyama ambavyo hawajawahi hata kunywa soda yao. Mzee naye aliangalia. Yumo. Chama sikitaji, na hata ningekitaja hamkijui. Ikabidi aandike barua ya kujiuzulu kutoka mahali ambapo hakuingia. Aliandika vizuri, kwa adabu, akawashukuru kwa ushirikiano.

Alama ya kura ilituchukua wiki nzima ya chai yangu. Mgombea huru hupeleka alama yake kwa tume iidhinishwe, na haitakiwi kufanana na ya chama. Mzee alitaka wilibaro. Haki yake, kwa kweli. Ameuza wilibaro kabla wengine hawajajua gurudumu liko mbele. Lakini ile ni ya UDA. Mwaka wa 2022 kulikuja wanunuzi wa wilibaro dukani ambao viganja vyao havijawahi kugusa mchanga, na mzee, kwa kujua biashara, hakuwauliza wanajenga nini. Sasa anajuta kwamba hakuisajili mapema. Jogoo ni wa KANU, mwavuli ni wa Wiper, chungwa ni la ODM. Akasema basi iwe msumari. Kamati ikasema watu watadhani anakuja kuwapigilia. Kufuli? Watasema hatatoa kitu. Akapendekeza mizani, na hiyo niliikataa mimi mwenyewe. Watu wa Ngong wanaijua mizani yetu ya misumari, na sina haja ya kufafanua.

Vijana wa stendi wakakata shauri wenyewe. Wanamwita Mheshimiwa Misumari, na mzee anaitika.

Kwa wazee mambo ni mengine. Kimaasai chake ni cha dukani: salamu anajua, kuhesabu anajua, bei anajua. Aliwahutubia kwa lugha hiyo dakika kadhaa, nao wakamsikiliza kwa heshima, wameegemea fimbo. Alipomaliza mmoja akamwuliza roli ya seng'enge siku hizi imefika bei gani. Mwingine akamkumbusha kwamba Kajiado Kaskazini hii iliwahi kuwa na Profesa George Saitoti, mtu wa hisabati, mbunge tangu 1988 mpaka ile ajali ya helikopta ya Juni 2012. "Sisi tulizoea profesa," mzee yule akasema. "Wewe una nini?" Wangu akatoa kalkuleta mfukoni. Angalau walicheka. Kura za kucheka, bahati mbaya, tume haihesabu.

Ninachongoja mpaka leo ni mtu mmoja tu amwulize kuhusu kazi yenyewe. Bunge la kaunti hutunga sheria za kaunti, huidhinisha bajeti, na huangalia gavana anatumiaje pesa. Kujenga barabara si kazi ya MCA, wala kulipa karo, wala kuzika. Ila simu inayolia saa kumi na moja alfajiri haitaki bajeti. Ni ya jeneza. Ya saa moja ni ya karo ya sekondari. Ya saa tatu ni timu ya mpira inayotaka jezi, na wametaja rangi. Wote wanaanza na "Mheshimiwa wetu", watu walewale waliokuwa wakimwita "wewe mzee wa bei ghali".

Nalieleza jambo hili jinsi nilivyolishuhudia. Kwa miongo, watu hawa walichukua mali wakasema watalipa. Siku mzee alipotangaza kugombea, deni liligeuka. Sasa yeye ndiye anayedaiwa, na wao ndio wanaokuja mlangoni kuuliza mwisho wa mwezi ni lini. Fundi wa simiti, yule yule aliyenikimbia kwa sababu ya karatasi, alinitumia ujumbe kuomba nimkumbushe mheshimiwa kuhusu tairi za bodaboda yake. Hata neno la simiti hakutia.

Vijana wa kona fulani walimzuia njiani wakamwambia aachie kitu cha chakula cha mchana. Mzee akawasomea Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, ambayo ameitia mfukoni: hongo kwa mpiga kura ni faini isiyozidi shilingi milioni mbili, au kifungo kisichozidi miaka sita, au vyote pamoja. Wakamsikiliza kwa makini kuliko umati wowote aliowahi kuhutubia. Kisha mmoja akauliza kama hiyo milioni mbili ni ya kugawana.

Na mchungaji naye. Alitualika kwenye harambee ya kumalizia paa la kanisa. Niliketi pale nikatazama juu. Paa lile nalijua, sehemu yake ni yangu. Wanasiasa wakapita mbele mmoja mmoja na bahasha, umati ukipiga makofi kulingana na unene. Zamu ya mzee ilipofika, alisimama, akarekebisha lile koti, akatangaza kwamba yeye ametoa mabati sita. Yako juu tayari, yanaonekana, hata mvua imekwisha kuyathibitisha. Mchungaji akasema amina kwa sauti ndogo sana. Usiku ule nilifuta ukurasa mmoja, na nilipika chapati.

Ada ya kujiandikisha kwa mgombea wa wadi mwaka wa 2022 ilikuwa shilingi 5,000, na kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nusu yake. Nilimwambia mzee kwamba kibiashara ingefaa nigombee mimi, tuokoe 2,500. Nilikuwa namchokoza. Lakini wenzangu wa chama, kile cha akina mama cha kuweka akiba, walisikia, na hawakucheka. Wakaanza kunitajia Peris Tobiko, ambaye 2013 alichaguliwa mbunge wa Kajiado Mashariki, kule kwa kijana wetu, akawa mwanamke wa kwanza Mmaasai kuingia Bungeni kwa kuchaguliwa. Wakaniambia daftari si ninalo mimi, na ulimi si ninao. Mzee akanyamaza chakula chote cha jioni. Nikamtuliza: siwezi kuishi na kamati mbili za mikakati kwenye sofa moja.

Mkiniuliza, hatashinda. Mtu anayesoma ripoti ya bajeti kwa rula ndiye hasa anayefaa kuketi katika kamati ya bajeti, na hakuna mtu aliyewahi kupigiwa vigelegele kwa kushika rula. Atakuwa wa nne au wa tano, atasema kura ziliibwa, kisha ataleta kuku.

Hata hivyo karatasi bado hazijajaa. Kwa hiyo wewe unayesoma, kama kura yako iko wadi ya Ngong na jina lako halijaingizwa chama cha watu, pita nyumbani usaini. Mimi nipo, chai ipo kama kamati haijafika. Karatasi za mheshimiwa ziko kwenye faili la kijani na kaunta buku liko kabatini, nimevitenganisha ili msiogope. Na wale wa simiti ya mwisho wa mwezi, nambari ya M-Pesa ya duka bado ni ileile.